Barua kwa wanakwaya wetu: pampasi zile ni za mama yake

Wanangu wapendwa, Bwana Yesu asifiwe.

Nimenyamaza wiki tatu. Leo nasema, maana yaliyoandikwa kwenye kundi letu la WhatsApp nimeyasoma yote, na moyo unaniuma.

Mwenzenu wa sauti ya kwanza hakuonekana mazoezini. Mmoja wenu akamwona akitoka duka la dawa na mfuko wa pampasi. Kufika jioni binti wa watu ameshazalishwa, na baba wa mtoto ameshatajwa. Mwingine akaandika, "Tumwombee dada yetu, amerudi duniani." Wanangu, umbeya hata ukiuvika joho ni umbeya.

Jumanne nilikwenda kwao. Pampasi ni za mama yake. Kiharusi kimempiga upande mmoja, na binti anamgeuza kila baada ya saa mbili, usiku na mchana, asije akapata vidonda vya mgongo. Sare ya kwaya nimeikuta msumarini, imepigwa pasi. Alinipa kigoda, akauliza, "Bibi, wimbo wa Pasaka mmefika wapi?" Wiki tatu, na hakuna hata mmoja wenu aliyepiga hodi pale.

Kuhani Eli kule Shilo aliona midomo ya Hana ikitikisika bila sauti katika maombi, akadhani amelewa. Kuhani mzima, mzee wa miaka mingi hekaluni! Lakini alipoelezwa ukweli hakung'ang'ania. Alimwambia, "Enenda kwa amani," akamtakia heri kwa Mungu. Ujumbe wa namna hiyo bado sijauona kwenye kundi letu.

Na tuseme ingekuwa kweli, amezaa. Ndiyo tumfanyeje? Hapa nawageukia wazee wenzangu. Nimeshuhudia binti akisimamishwa mbele ya usharika, kanga kifuani, akitubu dhambi ya watu wawili, na mwenzake wa dhambi hiyo ameketi benchi la nyuma na kitabu cha nyimbo mkononi. Siku ile nilikuwa mzee wa kanisa, nikanyamaza. Walawi 20:10, kwenye hukumu ya uzinzi, inawataja mwanamume na mwanamke pamoja. Waliokwenda kwa Yesu na kesi ya uzinzi walimleta mwanamke peke yake. Na Yohana anasema washitaki wale walipoanza kutoka mmoja mmoja, walianza wazee. Kila nikiusoma mstari huo naiona sura ya yule binti.

Sisemi dhambi tuibatize jina jingine. Mathayo 18:15 ipo: ndugu yako akikosa, mwendee, wewe na yeye peke yenu. Asiyethubutu kumwendea mtu na asithubutu kumsema. Warumi 14:4, juu ya kumhukumu mtumishi wa mwingine, someni wenyewe. Kibanzi na boriti mnavijua tangu Shule ya Jumapili.

Nawapenda. Nilipofiwa na mzee wangu mliimba juani mpaka kaburi likafukiwa, na nilirudi nyumbani nikiwa nimeshikwa mikono na nyie nyie. Ndiyo maana haya yamenikata maini.

Jumamosi mazoezi yakiisha nakwenda tena. Mgonjwa anahitaji mashuka ya kubadilisha, sabuni, na mtu wa kumpokea binti zamu ya usiku ili naye alale. Aliyeandika ule ujumbe wa kwanza, namwomba tuongozane.

Bibi yenu.