Wanaorejea kwenye modeli waanze na msasa kabla ya rangi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua niwaandikie wasomaji wenzangu, hasa watu wazima waliounda modeli za plastiki za ndege, magari na meli walipokuwa vijana, wakaziacha kwa sababu ya kazi na malezi, na sasa wanatamani kuzirudia. Mimi ni mmoja wao, na hapa Jinja ninao wenzangu kadhaa waliorejea. Jambo moja naliona likijirudia: mtu akishaamua kurudi, fedha zake za kwanza huishia kwenye rangi za kila aina na seti kubwa yenye mamia ya vipande, ilhali uzuri wa modeli huamuliwa kabla kopo la rangi halijafunguliwa.

Sababu imo katika hesabu ya vipimo. Kwa uwiano wa 1/72, uliozoeleka sana kwa modeli za ndege, mita moja ya ndege halisi huwa karibu milimita 14 tu, na Spitfire, ndege ya kivita ya Uingereza ambayo mabawa yake yalikuwa na upana wa mita 11.23 kutoka ncha hadi ncha, huenea kwenye sentimita 15.6. Hesabu hiyo hiyo ikigeuzwa hufichua makosa yetu. Kisiki cha nusu milimita kilichoachwa kwenye ukingo wa bawa, pale kipande kilipokatwa kutoka kwenye fremu ya plastiki inayoshika vipande vya seti, ni sawa na kinundu cha milimita 36 kwenye ndege yenyewe, na rangi yenye unene wa sehemu moja ya kumi ya milimita ni sawa na tabaka la zaidi ya milimita 7. Hata mtazamaji asiyejua lolote kuhusu ndege huhisi kwamba kuna kitu hakikukaa sawa, ingawa hawezi kukitaja.

Ndiyo maana nasisitiza ukataji. Kipande kisinyofolewe kwa vidole kutoka kwenye fremu yake, wala kisikatwe kwa kubana koleo kwenye mwili wake, kwa kuwa plastiki hupasuka kwa ndani na kuacha doa jeupe lisilofutika kwa urahisi. Ukate mbali kidogo kwa koleo dogo la nyaya, ubakize kisiki cha milimita moja au mbili, ukipunguze kwa kisu chenye makali mapya, kisha umalizie kwa msasa. Huhitaji kuagiza msasa ng'ambo: ule wa maji wanaoutumia mafundi wa rangi za magari ndio huo huo. Anza na namba 400 pale palipo na kazi, endelea na 600, kisha 1000, ukiulowesha kila mara ili vumbi lisizibe chembe zake, na usisugue kwa nguvu mpaka ukafuta mistari midogo ya mabati iliyochongwa juu ya bawa. Baada ya hapo osha vipande kwa sabuni na maji ya uvuguvugu, maana mafuta ya kalibu kiwandani na ya vidole vyetu huizuia rangi kushika.

Gundi nayo ina kanuni zake. Gundi ya modeli haibandiki kama gundi ya karatasi. Huyeyusha kidogo nyuso mbili za plastiki zikaungana kuwa kitu kimoja, na kwa hiyo kidogo chake kinatosha. Kutanisha vipande kwanza vikiwa vikavu uone kama vinaingiana, kisha gusisha brashi nyembamba kwenye mshono, gundi itaingia yenyewe. Iache mpaka kesho yake kabla ya kupiga msasa. Kwa vioo vya chumba cha rubani tumia gundi nyeupe ya mbao, kwani mvuke wa supagluu huacha ukungu juu ya plastiki angavu.

Kuhusu rangi, mabomba ya hewa ya kupulizia rangi yanaweza kusubiri. Brashi nzuri na rangi inayochanganywa na maji vinatosha, mradi rangi iwe nyepesi na ipakwe mara mbili au tatu, kila tabaka likauke kabisa kabla ya linalofuata. Naomba sana watu waache kuchanganya rangi zao kwa tina ya magari, ambayo ni kali na huweza kuimung'unya plastiki. Anayepuliza rangi ya kopo afungue madirisha na akae mbali na sigiri yenye moto. Na katika miezi yetu ya mvua, Machi hadi Mei na Septemba hadi Novemba, vanishi isiyong'aa inayopulizwa hewa ikiwa na unyevu mwingi huweza kugeuka nyeupe kama ukungu, kwa hiyo ni heri kungoja siku kavu.

Kwa anayeanza upya napendekeza ndege ndogo ya injini moja, yenye vipande vichache, ikamilishwe hadi stika ya mwisho, kisha nyingine ya aina hiyo hiyo. Seti kubwa iliyoishia katikati haimfundishi mtu kupaka vanishi wala kubandika stika.

Wapo wanaosema mambo haya ni ya wageni. Sikubaliani nao hata kidogo, kwani watoto wetu huunda magari ya waya na ya migomba bila kufundishwa na mtu. Yeyote asiyeweza kupata seti za dukani anaweza kutumia kadibodi, msasa na subira ile ile. Nyumba kuu ya makaburi ya wafalme wa Buganda huko Kasubi, Kampala, yenye kipenyo cha nje cha takriban mita 31, kwa uwiano wa 1/100 huenea kwenye sentimita 31. Daraja jipya la hapa Jinja juu ya Mto Nile, lililofunguliwa mwaka 2018 likiwa na urefu wa mita 525, kwa uwiano wa 1/500 huwa mita moja na sentimita 5, na kunyoosha nyaya zake ni mtihani mzuri kwa fundi yeyote.

Ningefurahi, Mhariri, kama gazeti lako lingetenga nafasi, hata mara moja kwa mwezi, ambapo wenye ujuzi huu kutoka Kampala, Mbale, Gulu na kwingineko wangeeleza wanapata wapi gundi na rangi, na ni vifaa gani vya madukani mwetu vimewafaa badala ya vile vya kuagizwa.

Mwalimu mstaafu wa ufundi,
Jinja