Barua ya wazi kwa vijana wa Nyanda za Juu Kusini mnaowinda kwa upinde Marekani

Kamwene, wajukuu zangu wa Iringa, Njombe na Mbeya mlioko ughaibuni.

Nasikia mmenogewa na kuwinda kulungu wa mkia mweupe. Kila Novemba, majira yao ya kupandana, simu yangu hujaa kilio kilekile: dume limetokea, mikono ikatetemeka, mshale ukaenda zake. Kisha mnaulizana mnunue upinde gani mwingine. Upinde wa watu mnausingizia. Nimefuata nyayo miaka mingi kwenye vitalu vya uwindaji huku kwetu, na nimeona wageni wenye bunduki za thamani ya nyumba wakisahau kufungua kifungo cha usalama tandala alipojitokeza. Moyo humwenda mbio kila mtu. Ila mzoefu mikono yake inaijua kazi hata akili ikiruka.

Mazoezi yenu, kwa picha mnazotuma, ni kusimama nyuma ya nyumba mmeshiba na kutupa mishale kumi kumi. Mkono unajifunza, moyo haujifunzi kitu. Mngekuwa hapa ningewapandisha mwamba wa Gangilonga mbio, halafu kule juu, pumzi zikiwa bado zinakatika, kila mtu apige mshale mmoja tu. Huko tafuteni kilima, hata ngazi za ghorofa, halafu mkapige hivyohivyo.

Dume akitokea, zitazame pembe mara moja ujue kama sheria ya hapo inakuruhusu, basi, achana nazo. Ukizikodolea macho, mshale nao utaelekea hukohuko. Chagua unywele mmoja nyuma ya bega. Toa pumzi ndefu kuliko uliyovuta. Subiri kichwa chake kipite nyuma ya mti ndipo uvute upinde. Asipokaa sawasawa, mwache apite. Najua hilo hamlipendi.

Mshale wa upinde wa kisasa huenda kama mita 90 kwa sekunde, sauti huenda mita 340. Kulungu husikia ugwe ukilia kabla mshale haujafika. Akiwa na wasiwasi hujikunja magoti ili achomoke, nao mshale unapita juu ya mgongo. Kwa hiyo aliyetulia mita 20 ni wako. Aliyesimamisha masikio mita 40 si wako, ingawa papara yako itakuambia umpige upesi kabla hajaondoka.

Na wengi mnaharibu baada ya mshale kutoka. Ncha ya mshale huua kwa kuvujisha damu, na damu inataka muda. Kaa hukohuko juu ya mti unapovizia. Kariri mti aliopita mara ya mwisho. Usimpigie mtu simu. Hata kama unaamini umempata vizuri, mpe nusu saa. Mshale ukiuokota una uchafu wa kijani na unanuka tumbo, rudi nyumbani, umpe saa sita au zaidi. Mnyama wa namna hiyo hulala karibu asiposumbuliwa. Ukimwamsha ataondoka na maumivu yake, damu itakatika njiani, na hutamwona tena. Mfuata nyayo hodari hupimwa hapo, kwenye kukaa kitako wakati wenzake wanataka kukimbia.

Mkanda wa usalama ufungwe tangu miguu inapoiacha ardhi mpaka irudi. Mtu anayetetemeka juu ya mti bila mkanda simhesabu kuwa mwindaji. Kama ni ulanzi, au chochote mnachokunywa huko, kinywewe mkishashuka.

Mkija likizo, pinde ziacheni hukohuko. Hapa kuwinda bila leseni ni kosa chini ya Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya 2009, nami siji kumdhamini mtu polisi. Tandala tutakwenda kuwatazama Ruaha, kwa gari, na kiingilio mtalipa ninyi.

Babu yenu,
Iringa