Msiuibie Mkesha usiku wake: barua kwa kamati ya liturujia, wanakwaya, wasomaji na watumishi wa altare

Wanangu,

Tumsifu Yesu Kristo.

Pasaka imepita, pilau limeliwa, sare za kwaya zimerudi kabatini. Sasa ndiyo saa ya kusema, kwa sababu ukimsema mtu Jumamosi Kuu ana mambo kumi mkononi na hasikii hata moja.

Aprili 4, kwenye Mkesha wa Pasaka, ile ibada ya usiku wa Jumamosi Kuu, moto wa Pasaka uliwashwa saa 11 na nusu jioni. Jua la Dar es Salaam mwezi huo huzama karibu saa 12 na nusu. Yaani padre yuko mlangoni na mshumaa, jua linampiga usoni, watoto wanakimbiza vivuli vyao uwanjani, na hapo hapo inaimbwa "Mwanga wa Kristo". Waumini wakajibu "Tumshukuru Mungu" huku wamejikinga macho kwa viganja. Nani pale alikuwa na shida ya mwanga? Kisha ikaja Mbiu ya Pasaka, inayosema huu ndio usiku, huu ndio usiku, tena na tena, na madirishani bado kweupe. Tumeimba uongo mbele ya altare, wanangu, kwa sauti nne na kinanda.

Najua ratiba husainiwa na paroko. Lakini anayeiandika ni nani? Ni nyinyi, na yeye ana vigango sita vya kuhangaikia. Kwa hiyo barua ni yenu.

Sababu zenu nimezisikia: daladala zinaisha, vibaka njiani, wazee hawaoni usiku, watoto wanasinzia. Si za kudharau. Ila watu hao hao harusi na sendofu huwatoa ukumbini saa 8 usiku, na mpira wa Ulaya huwakalisha kibandani mpaka saa 6. Huko usafiri hupatikana. Kila jumuiya ikihesabu watu wake wiki mbili kabla, ikakodi Hiace moja ya kuwarudisha, ikawapangia vijana wanne kuwasindikiza wanaotembea, jambo limekwisha. Anzeni saa 2 usiku, na kwa masomo yote na ubatizo mtamaliza saa 5. Wenzetu wa Kigoma wajue kwamba kwao jua huchelewa kuzama zaidi ya nusu saa kuliko Dar es Salaam, wasinakili saa ya mtu wa pwani.

Na msidhani kosa hili ni jipya. Kwa karne nyingi Kanisa zima lilikuwa limeuhamishia Mkesha Jumamosi asubuhi, padre akiimba habari za usiku mtakatifu wakati wa chai. Papa Pius XII ndiye aliyeurudisha usiku: mwaka 1951 kwa majaribio, mwaka 1955 kwa agizo lililoanza kutumika mwaka 1956. Mwaka 1988 Roma ikaandika tena, kwa lugha isiyo na kona: Mkesha usianze kabla giza halijaingia, uishe kabla ya mapambazuko ya Jumapili, na kuufanya kwenye saa ya Misa za kawaida za Jumamosi jioni ni jambo la kulaumiwa. Kazi iliyomtoa jasho Papa mnaifuta kwa kuwahi daladala.

Sasa moto, na hapa mtanivumilia.

Moto wa Pasaka si jiko la mkaa lililoazimwa kwa mama lishe, wala si moto wa kambi. Kuni kavu kilo kumi hivi zinatosha, ziwashwe robo saa kabla, mwali ufike kiunoni. Ukizidi hapo padre hasogei, na mkisubiri upungue mnaanza kuchelewa. Uwasheni kwa vibanzi na karatasi. Mafuta ya taa huacha harufu inayoingia kanisani na kuua ubani. Petroli ndiyo kabisa isikanyage pale, maana mvuke wake hushika kabla ya mafuta yenyewe, na kanzu nyingi za watumishi ni za poliesta, zikishika moto huyeyukia mwilini. Ndoo ya mchanga iwe karibu. Vipande vya mkaa wa chetezo vifukieni kwenye moto mara tu ukishawaka, kwa sababu makaa ya kuni hupoa upesi na ubani ukiwekwa juu yake hutoa moshi mara moja tu kisha kimya. Koleo liwepo; mwaka huu mtumishi alichokoa makaa kwa kijiko cha jikoni. Na mshumaa mkubwa hauchovywi motoni, utavuja ubavu mzima. Mwali hubebwa kwa kijiti kirefu au mshumaa mwembamba.

Nao mshumaa wenyewe! Tulichokiwasha ni bomba la plastiki lenye kikopo cha mafuta juu, na tarakimu ya mwisho ya mwaka imebandikwa stika: 5 imezibwa na 6. Kuna mtoto wa Komunyo ya Kwanza aliikwangua kwa kucha, akaiona 5, akacheka. Andiko hilo la Roma la mwaka 1988 linasema mshumaa wa Pasaka uwe wa nta, mmoja tu, mkubwa wa kutosha, mpya kila mwaka, na usiwe wa bandia kamwe. Wenyewe ni alama ya yule anayejimaliza kwa ajili ya wengine. Plastiki haipungui, inaongezwa mafuta tu, sasa inaeleza nini?

Mtasema ni ghali. Nta ya nyuki inatoka Tabora na Singida, si Roma, na Mbiu yenyewe inawataja nyuki kwa kazi yao. Mshumaa wa upana wa sentimita 8 na urefu wa sentimita 60 unakula nta karibu kilo 3. Jumuiya kumi na mbili zikichangia robo kilo kila moja, mnao. Iyeyusheni kwenye sufuria iliyokalishwa ndani ya sufuria ya maji, kamwe si juu ya moto mtupu. Nta huyeyuka kwenye nyuzi 62 hadi 64 na ikizidishiwa joto hushika moto. Kalibu ni bati lililokunjwa na fundi bati, lipakwe mafuta ya kula kidogo ndani ili litoke bila kung'ang'ania. Utambi uwe wa pamba iliyosukwa, uchovywe kwenye nta kwanza ndipo uvutwe katikati. Utambi mwembamba huzama kwenye dimbwi la nta yake mwenyewe na kuzimika katikati ya Mbiu. Ukiwa mnene mno hutoa moshi mweusi. Nta ikipoa hunywea na kuacha shimo kandokando ya utambi, basi wekeni akiba ya kumwagia mara ya pili. Jaribuni utambi huo kwenye mabaki, msijaribie kwenye mshumaa wenyewe.

Juu yake unachorwa msalaba, Alfa juu, Omega chini, na tarakimu nne za mwaka kwenye pembe za msalaba. Matundu matano ya chembe za ubani yatobolewe mapema kwa msumari wa moto. Mwaka huu padre alisukuma chembe kwenye plastiki, ya tatu ikaruka chini ya benchi, na watumishi wawili wakapiga magoti kuitafuta. Watu wakadhani ni sehemu ya ibada, na wao wakapiga magoti.

Giza nalo lina kazi. Mtu mmoja, mmoja tu, akae kwenye swichi kuu. Projekta izimwe, isiachwe ikimulika ukuta kwa rangi ya bluu. Kinanda kifunikwe, kile kina vitaa kama duka la simu. Taa ya mlinzi nje izimwe pia kwa robo saa. Watu wasimame kimya, bila wimbo wa kuziba nafasi. Wanakwaya mnaogopa kimya kama mtu anayeogopa deni. Mwito "Mwanga wa Kristo" huimbwa mara tatu: mlangoni, katikati ya kanisa, mbele ya altare, na kila mara sauti inapanda. Mwimbaji aanzie chini. Akianzia juu, wa tatu unakuwa yowe.

Kwenye mwito wa pili ndipo mishumaa ya waumini inawashwa, na hapa nguo huungua. Mshumaa uliowaka husimama wima, usiowaka ndio unaoinama kuuendea. Mkiinamisha unaowaka, nta inamwagikia kitenge cha jirani. Kateni vidaka vya karatasi ngumu, tundu katikati, vya kukinga matone. Mtoto chini ya miaka saba ashikiwe na mzazi. Tochi ya simu si mshumaa. Sisemi zaidi. Au niseme: mwanga wa simu haupokewi kutoka kwa jirani, kila mtu anajiwashia wake, na huo usiku mzima unakataa hivyo.

Baada ya mwito wa tatu taa za kanisa huwashwa. Mishumaa ya altare ndiyo inayosubiri Utukufu, ule wimbo wa "Utukufu kwa Mungu juu". Wanaogombana kila mwaka juu ya hili wasome misale, kitabu cha Misa, badala ya kunong'onezana.

Masomo ni tisa: saba ya Agano la Kale, Warumi sura ya 6, na Injili. Shida ikiwepo, ya Agano la Kale yasipungue matatu, na ikiwa nzito kweli, mawili. Lakini Kutoka sura ya 14 haiachwi kamwe. Nyinyi mlisoma Mwanzo na Isaya, mkairuka Bahari ya Shamu! Wakatekumeni kumi na tisa, watu waliofundishwa wakingoja ubatizo, wameketi mbele, wanakwenda majini usiku huo huo, na hamkuwaambia kwamba kuna watu waliwahi kuvuka maji wakatoka watumwani. Somo lile ni dakika nne. Matangazo mwishoni yalikula dakika ishirini na tano: harambee ya uzio, shukrani kwa wafadhili, na mheshimiwa aliyeinuliwa "atusalimie tu". Alisalimia barabara, maji na uchaguzi. Tumekuwa taifa ambalo kila kusanyiko ni jukwaa, na anayenyimwa kipaza sauti siku zote ni Musa.

Mengine nayataja tu.

Toka Utukufu wa Alhamisi Kuu hadi Utukufu wa Mkesha, kengele kimya, na ala ni za kushika sauti tu, si za kupamba.

Utukufu wa Mkesha uwe unaojulikana na watu wote. Si usiku wa kuzindua utunzi mpya.

Aleluya huanzishwa mara tatu, kila mara juu zaidi, baada ya Waraka kwa Warumi.

Injili ya usiku huo hufukiziwa ubani, lakini haisindikizwi na mishumaa.

Kwenye kubariki maji mshumaa huzamishwa kitako, si utambi. Najua kwa nini nalazimika kuandika hili.

Maji ya ubatizo yamwagwe yaonekane. Mtu amefundishwa muda mrefu, mkamdondoshea matone matatu kama dawa ya macho. Taulo kumi na tisa, kanga za kubadilisha, na mkeka usioteleza.

Hao wakatekumeni ndio wanaoniuma kuliko stika. Yule mama muuza mihogo aliyekuja mafundisho kila Jumamosi na mtoto mgongoni, aliwaomba kitu kimoja tu: ndugu zake Waislamu wa Mkuranga waje kumwona. Ndugu walifika saa 2 usiku, kama tangazo la kwanza lilivyosema. Wakakuta kanisa limefungwa, mlinzi anafagia nta. Hamkuwa na nia mbaya, najua, mlibadilisha saa kwenye kundi la WhatsApp na yeye hana simu ya namna hiyo. Nendeni kwake. Msiende na kanga ya zawadi na kupiga picha, nendeni mkaombe radhi, wawili au watatu, jioni akishafunga meza.

Halafu kuna siku hamsini baada ya hapo. Mlifunga Kwaresima siku arobaini, Pasaka mkaimaliza Jumatatu ya mapumziko. Siku nane za kwanza zote zinahesabiwa kama siku moja kuu, na nilivyopita Jumatano mshumaa ulikuwa stoo, umeegemea mapipa ya rangi. Ukae karibu na mimbari, uwashwe kwenye kila Misa hadi Pentekoste, kisha uhamie kwenye kisima cha ubatizo, utoke kwa ubatizo na kwa mazishi. Tukiwazika wazee wenu, mshumaa unaowaka karibu na jeneza ni ule ule wa Mkesha.

Mwakani Mkesha ni Jumamosi, Machi 27, 2027. Ni Mwaka B wa mzunguko wa masomo, Injili ni Marko 16:1-7, wasomaji waanze mazoezi mwezi Februari na nabii Baruku, mmoja wa yale masomo saba, asiachwe kwa kuwa jina lake ni geni. Nta inunuliwe mapema, msingoje Juma Kuu. Mwezi mpevu utakuwa umepita siku tano, kwa hiyo usiku huo mwezi utachelewa kuchomoza, karibu saa 4 na nusu. Mkianza saa 2, giza la uwanjani litakuwa la kutosha bila kumwomba mtu yeyote. Ile taa ya mlinzi tu, swichi yake iko nyuma ya mlango wa sakristia, upande wa kushoto.

Mzee wenu