Barua kwa mwanangu: usiwarekebishie vyungu vyao

Mwanangu mpendwa,

Umeniuliza kama udongo unaweza kweli kufundisha hisabati na sayansi, au mahali pake ni kipindi cha sanaa tu. Mimi nilijifunza kufinyanga nikiwa nimeshafundisha miaka mingi, na hadi leo najuta kuchelewa.

Kabla hujaupeleka darasani, finyanga kwanza wewe. Ukande hadi uwe laini sawasawa, utengeneze donge la kujaa kiganja, uzamishe kidole gumba katikati, kisha ubane ukuta huku ukizungusha. Wahenga walisema udongo uwahi ungali maji. Ni kweli, ila mfinyanzi hujua pia kuungoja: ukuta ukiwa maji mno, ukiupandisha unaporomoka. Mkono wa chungu nao ubandike kikiwa kimekazana kidogo. Chanja pande zote mbili, paka uji wa udongo, ndipo ugandamize.

Chungu changu cha kwanza kilipasuka motoni. Nilikiona kikavu kwa nje nikadhani kimekauka chote, kumbe kitako kilikuwa kinene na bado kina unyevu. Maji yale yaligeuka mvuke ukakosa pa kutokea. Nilivitwanga vigae vyake nikavichanganya na udongo mpya, maana punje hizo hupunguza kunywea, yaani kusinyaa kwa udongo, na nyufa.

Kunywea huko ndiko somo lenyewe. Mpe kila mwanafunzi kipande bapa cha udongo mbichi, achore juu yake mstari wa sentimita 10 kamili. Kikaukie kivulini, polepole, kisha apime tena. Darasani kwangu tulipata 9.4. Mwanafunzi mmoja alipima mara tatu, akaazima rula ya jirani yake akiamini yake ni mbovu. Nilitamani sana kumwambia jibu, nikajizuia. Mwishowe akasema taratibu, “Kumbe maji yalikuwa yameshika nafasi.” Baada ya hapo asilimia haikuhitaji maelezo marefu: sentimita 10 ni milimita 100, basi kila milimita iliyopotea ni asilimia 1. Mkishachoma, pimeni tena, kwa kuwa udongo hunywea mara ya pili.

Kisha tumbukiza kipande kikavu ambacho hakijachomwa kwenye bakuli la maji, na kigae kilichochomwa kwenye bakuli jingine. Cha kwanza kitamomonyoka hadi kiwe tope. Cha pili kitabaki vilevile, kwani kwenye joto linalokaribia nyuzi 600 hutoka hata maji yaliyofungamana na udongo wenyewe, na hapo hakuna kurudi nyuma. Waulize tofauti ni nini, na uwape muda wa kubishana.

Jambo moja nakusihi: usifagie vumbi la udongo likiwa kavu. Lina silika, yaani madini yale yanayounda mchanga, na vumbi lake huumiza mapafu. Futa meza na sakafu kwa kitambaa kibichi.

Najua mkono utakuwasha kunyoosha mdomo wa chungu kilichopinda. Usikiguse, mwanangu. Mtoto akikikuta kimenyooka, atajua si chake tena, na ufa ukitokea hatajiuliza umetoka wapi.

Mkishapima, niandikie mstari wenu umefika ngapi.

Mama yako