Ardhi ya bure haikuwapo: kuhusu wakulima waliohamia magharibi ya Marekani

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua ili nijibu makala uliyoichapisha hivi karibuni kuhusu familia za wakulima zilizohamia magharibi ya Marekani katika miaka ya mwanzo ya taifa hilo. Mwandishi ameyaeleza vizuri magari ya kukokotwa na maksai, misitu na mito, lakini anamwacha msomaji akiamini kwamba watu hao walihama kwa kupenda safari, na kwamba walikokwenda serikali iliwagawia mashamba bure. Sheria ya kumpa ekari 160 mkulima atakayekaa na kulima kwa miaka mitano ilipitishwa mwaka 1862. Kufikia wakati huo vizazi kadhaa vilikuwa vimekwisha kuvuka milima ya Appalachia na kuinunua ardhi kwa fedha zao, na wapo walioilipia wakaipoteza.

Anayetaka kufuata nyayo za familia kama hizo asitegemee masimulizi ya ukoo peke yake, bali azisome karatasi za ardhi. Nitatumia mfano wa ukoo wa Abraham Lincoln, si kwa sababu alikuwa rais, bali kwa sababu umaarufu wake uliwafanya watafiti wazichambue hati za baba na babu zake, ambao walikuwa wakulima kama maelfu ya wengine.

Samuel Lincoln alifika Massachusetts kutoka Uingereza mwaka 1637. Wazao wake walipitia New Jersey na Pennsylvania, na mwaka 1768 John Lincoln akahamia bonde la Shenandoah, Virginia. Atakayeichora njia hiyo kwenye ramani ataona kwamba kwa muda mrefu "magharibi" ya wakulima hawa ilikuwa kusini-magharibi, kwa kuwa milima iliwazuia na barabara kuu ya magari kutoka Philadelphia ilifuata mabonde. Mwanzoni mwa miaka ya 1780, Abraham, mtoto wa John na babu wa rais, aliingia Kentucky, ambako aliuawa mwaka 1786 katika mapambano kati ya walowezi na wenyeji wa asili.

Hapa ndipo hati zinapotueleza yale ambayo masimulizi huyaruka. Kentucky ilikuwa bado sehemu ya Virginia, na sheria ya Virginia ilimrithisha ardhi mtoto wa kiume wa kwanza pale marehemu asipoacha wosia. Sheria hiyo ilikoma mwaka 1787, yaani mwaka mmoja tu baada ya kifo hicho. Ardhi ikaenda kwa Mordecai, kifungua mimba; Thomas, mdogo wa wavulana na baba wa rais wa baadaye, aliyekuwa na umri wa miaka minane hivi, akakua akiishi kwa vibarua. Kwa maoni yangu, hakuna kisa cha ujasiri kinachoyaeleza maisha ya Thomas vizuri kuliko miaka hiyo miwili ikiwekwa pamoja.

Thomas alijitahidi akanunua mashamba Kentucky, na hatimiliki zake zikamsumbua moja baada ya nyingine. Huko serikali haikuipima ardhi kabla ya kuiuza. Kila mwenye madai alijitafutia mpimaji, na mpaka uliandikwa kuanzia kwenye mwaloni hadi kwenye kijito, na kutoka kijitoni hadi kwenye jiwe fulani; mwaloni ukianguka, ushahidi umeanguka nao. Madai yalipandiana, wanasheria wakaneemeka, na mwaka 1815 Thomas na majirani zake wa Knob Creek walishtakiwa ili waondolewe. Desemba 1816 aliihamishia familia yake Indiana, ng'ambo ya mto Ohio. Mtoto wake Abraham, yule rais, aliandika mwaka 1860 kwamba walihama kwa sehemu kwa sababu ya utumwa, lakini hasa kwa sababu ya matatizo ya hatimiliki.

Indiana ilikuwa imepimwa na serikali kwa mpango wa mwaka 1785, ambao uliigawa nchi katika miraba ya ekari 640. Mwaka 1817 Thomas alisafiri hadi ofisi ya ardhi ya Vincennes kuandikisha robo ya mraba, ekari 160, kwa dola 2 kwa ekari, kwa malipo ya awamu. Deni lilimlemea, kama lilivyowalemea wengi, hata mwaka 1820 Bunge likafuta mauzo ya mkopo na kushusha bei hadi dola 1.25. Mwaka 1827 alirudisha nusu ya ardhi ili abaki na ekari 80 zisizo na deni, na miaka mitatu baadaye akahamia Illinois. Nchi hiyo ya Indiana, ambayo makala iliiita tupu, ilikuwa ya makabila ya wenyeji wa asili ya Delaware na Piankashaw, nayo ilichukuliwa kwa mikataba ya mwaka 1804.

Kwa familia zisizo maarufu, sensa husaidia, ila ina mipaka yake. Kuanzia 1790 hadi 1840 iliandika jina la mkuu wa kaya peke yake. Sensa ya 1850 ndiyo ya kwanza kumtaja kila mtu huru kwa jina na jimbo alikozaliwa, hivyo mtoto wa Virginia, anayefuatiwa na wa Kentucky na wawili wa Indiana, tayari wanakuchorea njia ya wazazi wao. Mke mara nyingi huonekana kwa jina pale tu shamba linapouzwa, kwa sababu alitakiwa kuiachia haki yake ya ujane, yaani sehemu ambayo angeipata katika ardhi hiyo akifiwa na mume. Watumwa waliopelekwa magharibi na mabwana zao waliorodheshwa mwaka 1850 na 1860 kwa umri na jinsia chini ya jina la mwenye kuwamiliki, karibu wote bila majina, na wazao wao hulazimika kuwatafuta katika wosia na hati za mauzo za watu wengine. Makala haikuwataja kabisa.

Iwapo mwandishi wako ataendelea na mfululizo huu, namwomba aanze na daftari la ofisi ya ardhi, halafu ndipo aje kwenye maksai.

Wako,
Msomaji wa gazeti hili