Barua kwa Mwanangu Nduku Kabla Hajapanda Ndege

Kayole, Jumapili usiku

Mwanangu Nduku,

Nimempa Mutua barua hii pamoja na muthokoi na ile sweta ya kijivu, kwa sababu kwenye simu nikianza tu unasema "nimeelewa, mama" kisha unakata. Hujaelewa. Ungekuwa umeelewa, ile chupa ya unga wa kijani isingekuwa kwenye begi la safari. Mutua aliiona alipokuja kukusaidia kufunga mizigo. Usimgombeze, mimi ndiye niliyembana aseme.

Ni mti gani huo? Rafiki yako anasema unasafisha tumbo na kupunguza mwili, mbona jina la mti hakuliandika? Dawa ya mitishamba inayouzwa hapa Kenya inatakiwa iwe imesajiliwa na Bodi ya Famasia na Sumu. Hiyo yako ina picha ya jani na namba ya simu, basi. Na wewe umesoma. Niliuza cherehani ukamaliza ile diploma ya hoteli, na nikiwaambia kina mama wa chama kwamba Doha wanakungoja, sauti yangu hupanda yenyewe. Mtu kama huyo anakorogaje unga asioujua asubuhi kabla ya chai?

Usiniambie ni majani tu. Ukungu wa mahindi nao haukutoka kiwandani. Mwaka 2004 ulikuwa mdogo, lakini Makueni na Kitui tulizika watu. Walikula mahindi yaliyohifadhiwa na unyevu. Wagonjwa walikuwa 317 na waliokufa 125, na ini ndilo lililoharibika.

Miti siikatai, unanijua. Hata dawa ya malaria tunayopewa siku hizi chanzo chake ni pakanga ya Uchina, na mama mmoja wa huko, Tu Youyou, alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2015 kwa kazi hiyo. Lakini kwanza walitafuta ndani ya jani ni kitu gani kinachotibu, wakakipima, wakajua mgonjwa apewe kiasi gani. Huyo rafiki yako anapima kwa kijiko cha nani?

Mutua amenisomea madaftari yake ya chuo. Chai ya kijani ya kikombe haina neno kwa watu wengi. Ile iliyokamuliwa ikawekwa kwenye vidonge vya kupunguza mwili ni habari nyingine: mwaka 2018 mamlaka ya usalama wa chakula ya Ulaya ilionya kwamba miligramu 800 kwa siku za kemikali yake moja, au zaidi, zinaweza kuonyesha dalili za ini kuumia. Manjano vilevile. Ya kwenye mchuzi tumekula miaka yote, lakini mwaka 2019 kule Italia watu waliugua ini baada ya kumeza vidonge vya manjano. Vingine huchanganywa na pilipili manga ili mwili uyafyonze zaidi. Kwa hiyo hata ukilijua jina la mti, bado hujamaliza kuuliza.

Ile malaria yangu ya Julai haikuwa malaria.

Ulikuwa Mombasa kwa mafunzo, sikutaka urudi. Nilikuwa nakunywa dawa ya kusafisha damu ya yule mzee wa steji, glasi asubuhi na glasi jioni, na juu yake vidonge vya goti. Wiki ya tatu mkojo ukawa kama strungi. Usiku viganja vinawasha mpaka najikuna kwa kitana. Baba yako ndiye aliyenivuta dirishani, akanishusha kope kwa kidole gumba, akanyamaza. Macho yalikuwa ya manjano kama kiini cha yai.

Daktari aliniuliza nimekunywa nini. Nikasema maji. Akauliza tena, nikasema uji. Mara ya tatu baba yako akatoa chupa kwenye mfuko wa koti. Daktari hakunifokea. Alinieleza kwamba kinachofyonzwa tumboni hupitia kwenye ini kwanza, na seli zake zikiumia, vilivyomo ndani huvujia kwenye damu, ndivyo vipimo vinavyoonyesha. Hakuweza kusema ni mti au ni vidonge au ni vyote viwili, kwa sababu wapo wauzaji wanaotia dawa za famasia ndani ya mitishamba kimyakimya. Niliacha, nikapimwa damu tena na tena, miezi minne ndipo vipimo vikarudi sawa. Wengine hawarudi, ini hufa kabisa. Nusu ya lile galoni nilikuwa nimempelekea shangazi yako Mbithe. Aliimwaga kwa sababu ya uchungu, nashukuru.

Basi acha leo, usingoje chupa iishe. Kesho asubuhi nenda ukapimwe ini, pesa nimekutumia kwa Mpesa. Hata kipimo kikiwa safi, huko Doha jitazame macho kwenye mwanga wa dirisha, si wa taa, maana mambo haya huweza kuja baada ya wiki nyingi. Ukiona manjano, au mkojo mweusi, au choo cheupe, au chakula kinakuchukiza na upande wa kulia chini ya mbavu unauma, nenda hospitali siku hiyohiyo na useme ulichokunywa. Kiseme mara ya kwanza ukiulizwa.

Mtungi wa gesi mpe Mutua, usimwachie jirani. Dai depositi ya nyumba kwa maandishi. Tokeni za stima zilizobaki ni zako, zitumie kupiga pasi zile sare. Kalondu anakusalimu, na lile neno nililolisema kwenye harusi yake kuhusu gauni lako kukubana, nililisema mbele ya watu na halikuwa na maana. Gauni lilishonwa vibaya. Mwili wako sina neno nao.

Alhamisi tutafika kwako saa kumi jioni, baba yako ameshapata teksi. Ile chupa iache juu ya meza, usiifunge tena kwenye begi. Nitaichukua mwenyewe.

Mama yako