Ozoni haionekani katika wastani wa mwaka

Mhariri,

Naomba nafasi nieleze jambo ambalo taarifa nyingi za ubora wa hewa hulipita juujuu. Taarifa hizo hutoa wastani wa mwaka wa chembechembe laini, PM2.5, ambazo mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani (WHO) lilizishushia kikomo kutoka mikrogramu 10 hadi 5 kwa kila mita ya ujazo, kisha mji hutangazwa kuwa umefaulu au umeshindwa. Kwa moshi na vumbi, kipimo hicho kinafaa. Kwa gesi ya ozoni iliyo karibu na ardhi, ambayo ndiyo kiini cha ukungu mchafu wa siku za jua kali, hakitoshi hata kidogo.

Ozoni hiyo haitoki moja kwa moja kwenye ekzosi za magari wala mabomba ya viwanda. Huundwa hewani, pale oksidi za nitrojeni zitokanazo na uchomaji wa mafuta zinapokutana na mivuke ya petroli, rangi na viyeyushi chini ya jua. Kwa hiyo hupanda mchana, hushuka usiku, na mara nyingi huzidi kule upepo unakoelekea kuliko katikati ya mji. Ndiyo maana WHO limeiwekea kikomo cha mikrogramu 100 kwa wastani wa saa 8. Katika wastani wa mwaka mzima, usiku wenye nafuu huzifunika alasiri zilizowabana kifua wagonjwa wa pumu.

Mahali pa kituo cha kupimia hewa nako kuna hila. Kituo kilicho kando ya barabara yenye magari mengi husoma ozoni kidogo, si kwa kuwa hewa ya pale ni safi, bali kwa sababu nitriki oksidi ya moshi wa magari huila ozoni papo hapo. Mamlaka inayojivunia namba za kituo kama hicho inajidanganya, nasi inatudanganya.

Hata upunguzaji wa moshi wa magari una mtego wake. Mwaka 2020, magari yalipopungua wakati wa UVIKO-19, nitrojeni dioksidi, mojawapo ya oksidi za nitrojeni, ilishuka katika miji mingi, lakini katika baadhi yake ozoni ilipanda, kwa kuwa nitriki oksidi ya kuila nayo ilipungua. Masharti ya moshi wa magari, basi, yaende sambamba na vifaa vya kunasa mivuke kwenye vituo vya mafuta na rangi zenye viyeyushi kidogo.

Naziomba mamlaka husika zitangaze vipimo vya kila saa na kuweka vituo pembezoni, upande upepo unakoelekea. Nalo gazeti lako lichapishe idadi ya siku ambazo kikomo cha saa 8 kilivukwa, badala ya wastani peke yake.

Wasalaam,
Msomaji wako